Hawakuiti Ili Wakulee: Kuhama Kutoka Benki Ndogo ya Uwekezaji Kwenda Kubwa

Hotuba hii niliitoa London mbele ya vijana wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi za fedha. Naiweka nzima kwa walioshindwa kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha. Haikuwa na kazi kubwa.

Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi hapa mbele, shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wadogo zangu mliotoka Reading na Leicester na mvua yote hii, karibuni na asanteni.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Mtu yuko benki ndogo ya uwekezaji, yaani benki inayoshauri kampuni zinapouzwa, zinaponunuliwa au zinapotafuta mtaji, na benki yenyewe akiitaja harusini shangazi anauliza, "Ndiyo ipi hiyo, mwanangu?" Anataka kuhamia kwenye yale majina makubwa. Anahamaje?

Nianze na watu wawili. Goldman Sachs, benki ambayo wengi wenu mmeiandikia maombi (sitawaomba mnyooshe mikono), tangu mwaka 2006 imeongozwa na watu wawili tu. Lloyd Blankfein hadi 2018, kisha David Solomon. Mnajua wanafanana wapi? Wote wawili waliomba kazi Goldman wakiwa vijana. Na wote wawili walikataliwa.

Blankfein alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta, amekulia kwenye nyumba za serikali Brooklyn. Akasoma, akawa wakili wa mambo ya kodi, halafu akataka kuhamia kwenye fedha. Akaomba Goldman. Akaomba Morgan Stanley. Akaomba na Dean Witter. Kote hapana. Akaangukia kampuni inayoitwa J. Aron, wafanyabiashara wa dhahabu na kahawa, akawa muuzaji wa madini ya thamani. Sasa sikilizeni: J. Aron ilikuwa imenunuliwa na Goldman mwaka 1981. Mlango wa mbele walimfungia, akaingia kwa mlango wa uani, na baadaye akakabidhiwa funguo za nyumba nzima.

Habari ya Solomon ndiyo inayotuhusu zaidi leo. Alipotoka chuo Goldman hawakumtaka. Akaanza Irving Trust, akaenda Drexel Burnham Lambert, benki iliyofilisika mwaka 1990, kisha Bear Stearns. Bear Stearns, ndugu zangu, haikuwa benki ya watoto wa wakubwa. Ilikuwa benki ya watu wenye njaa. Mkuu wake, Alan Greenberg, alisema wazi kwamba anatafuta watu maskini, wenye akili, wenye hamu kubwa ya kutajirika. Huyo huyo aliwaandikia wafanyakazi barua za ndani akiwahimiza wasitupe vibanio vya karatasi na mipira ya kufungia. Unaweza kucheka, lakini ndipo Solomon alipopikwa. Na mwaka 1999 Goldman ikamchukua akaingia moja kwa moja kama mbia. Kijana waliyemkatalia kiti cha chini kabisa wakampa kiti cha mezani.

Walimhurumia? Walisoma upya barua yake ya zamani? Hapana. Kwa miaka mingi alikuwa amezama kwenye hatifungani za kampuni zenye madeni mazito, biashara iliyokuwa inakua na ambayo Goldman nayo ilitaka kuikuza. Wao walikuwa na pengo. Yeye alikuwa na mikono iliyozoea kazi.

Hilo ndilo neno langu la leo na mtalisikia tena: hawakuiti ili wakulee. Wanakuita kwa sababu wana pengo.

Wapenzi wa mpira mtanielewa upesi. Mimi mtu wa Tanga, Coastal Union damu damu, na nimeshuhudia vijana wetu wakichukuliwa na Simba na Yanga wakati wa dirisha dogo. Dirisha dogo halina mipango ya miaka mitano. Beki kaumia, ligi inaendelea, kocha anataka mtu wa kucheza Jumamosi. Hamwulizi ana ndoto gani. Anamwuliza: unakaba?

Benki kubwa zina usajili wao mkubwa, ule wa vyuoni. Wanachukua watoto wa mwaka wa pili na wa tatu, wanawafanyisha mafunzo ya kiangazi, wanawapa mkataba. Huko ndiko wanakolea. Ukishapitwa na hilo treni, usilikimbilie tena kwa miguu kwa kutuma barua ya "nina shauku kubwa ya kujifunza." Shauku ya kujifunza ni ya watoto wa kiangazi. Wewe unayetoka benki nyingine unaulizwa kitu kingine kabisa.

Pengo linatokea lini? Linatokea bonasi zikishalipwa. Mtu aliyechoka hajiuzulu Desemba, anavumilia, anangoja fedha iingie, halafu wiki hiyo hiyo anaandika barua. Benki nyingi hulipa bonasi miezi ya mwanzo wa mwaka. Kwa wachambuzi, wale wa ngazi ya chini kabisa, baadhi hulipa katikati ya mwaka. Kwa hiyo kuna majira. Ukituma wasifu wako Novemba ukakaa kimya miezi miwili, usihuzunike, soko lenyewe limelala.

Na kuna wale wanaoondoka kwenda mifuko inayonunua kampuni. Marekani jambo hili limefikia mahali ambapo mwaka 2025 JPMorgan iliwaambia wahitimu wake wapya: atakayekubali kazi ya kwingine kabla ya kuanza, au ndani ya miezi 18 ya mwanzo, ataachishwa. Hebu fikirieni. Benki kubwa kuliko zote Marekani inawatisha vijana wake wasikimbie! Wengine walisikia hapo tishio. Wewe uliye benki ndogo ulipaswa kusikia viti vinavyoachwa wazi.

Viti hivyo havitangazwi sana. Kuna mawakala wa ajira, na mjue kwamba wanalipwa na mwajiri, hawalipwi na wewe; wakala akikuomba hela, ondoka. Lakini mara nyingi mkuu wa timu anageuka kwenye kiti chake anauliza, "Nani anamjua mtu?" Na mtu huyo anajulikana wapi? Kwenye muamala, yaani kazi ya kuuza au kununua kampuni. Ninyi mlikuwa upande wa muuzaji, wao upande wa mnunuzi. Kwa miezi minne mmetumiana jedwali na barua pepe saa nane za usiku. Yule kijana wa upande wa pili anajua kama majibu yako yalikuwa sahihi, anajua kama ulikuwa mtu wa kufoka. Huyo ndiye atakayetaja jina lako. Kwa hiyo mheshimuni mnayebishana naye. Nasema hivi hasa kwa ndugu zetu wa Nairobi, mnajijua.

Tuingie sasa kwenye yale utakayoulizwa. Hapa nitakaa kidogo.

Maswali ya hesabu yapo, lakini wanayachukulia kwamba unayajua kama unavyojua jina lako. Uchakavu ukiongezeka kwa 10 na kodi ni asilimia 25, hesabu tatu za kampuni (faida na hasara, mali na madeni, mtiririko wa fedha) zinabadilikaje? Mliojibu kimoyomoyo kwamba faida baada ya kodi inashuka 7.5 na fedha taslimu inapanda 2.5, mko salama. Mliobaki mnaangalia dari, mkitoka hapa fungueni madaftari. Mwanafunzi wa chuo akikosea swali hilo anaweza kusamehewa. Wewe mwenye mwaka mmoja kazini huna huo msamaha.

Swali lenyewe la kukuhukumu ni rahisi kulisikia na gumu kulijibu: tueleze muamala mmoja uliofanya.

Kuna binti mmoja wa Mombasa. Simtaji, yumo humu ukumbini na tayari ananikodolea macho. Alikuwa kwenye ofisi ndogo ya ushauri, wanauza kampuni za kifamilia, timu nzima watu wanne. Wenzake aliosoma nao walikuwa kwenye magorofa ya Canary Wharf, mtaa wa mabenki hapa London, wakipanga nembo za wateja kwenye makabrasha hadi alfajiri. Walimwonea huruma. Yeye alipewa kiwanda cha mikate.

Kiwanda cha mzee mmoja wa Kiingereza, anauza astaafu. Hesabu zake zilionyesha faida ndogo. Binti akazifungua moja moja. Akakuta magari ya watoto wa mzee yamo kwenye gharama za kampuni. Akakuta mshahara wa shemeji ambaye hakuwahi kuonekana kiwandani. Mnunuzi hatalipa vitu hivyo, kwa hiyo akavirudisha kwenye faida. Mzee akafurahi. Halafu akakuta kitu kingine: jengo la kiwanda lilikuwa mali ya mzee binafsi, na kampuni ilimlipa kodi ya pango ya chini mno kuliko bei ya soko. Mnunuzi atatakiwa kulipa pango kamili. Kwa hiyo faida inapaswa kushushwa. Mzee akanuna.

Kwa nini ni jambo kubwa? Kwa sababu kampuni kama ile inauzwa kwa faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, kuzidisha mara kadhaa. Chukua mara saba. Pauni 100,000 ukiiweka vibaya kwenye faida, bei imeyumba kwa pauni 700,000. Na kama mnunuzi ndiye atakayeligundua wiki ya mwisho, hatashusha bei kwa sababu ya pango tu. Ataanza kushuku kila namba uliyompa.

Alipoitwa kwenye usaili wa benki kubwa, alieleza lile pango. Alieleza alivyomwambia mzee, mzee alivyokasirika, walivyokubaliana kuliweka wazi mapema. Aliyekuwa akimsaili anashughulika na kampuni za mabilioni, lakini aliacha kuandika akaanza kuuliza, kwa sababu tatizo la pango la mkate na tatizo la pango la hoteli mia mbili ni lile lile. Wengine waliosailiwa siku hiyo walitaja kampuni kubwa kubwa, na walipoulizwa "wewe ulifanya nini hasa?" wakaeleza timu ilifanya nini.

Mnaniuliza mko benki ndogo mnapoteza muda? Je, mzee wa mikate angempigia simu mchambuzi wa mwaka wa kwanza kama ofisi ingekuwa na ngazi saba za mabosi? Benki ndogo inakupa simu ya mteja mapema. Usipoipokea hiyo simu, hapo kweli unapoteza muda.

Wasifu wako nao uandike hivyo hivyo: muamala kwanza, ukubwa wake, sehemu yako, ndipo jina la benki. Mliotoka Nairobi mnanung'unika kwamba hapa hawazijui benki zenu. Ni kweli, wengi hawazijui. Lakini mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipouza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, Dyer & Blair ya Nairobi na Morgan Stanley walikuwa kwenye kazi moja. Jina la kwanza msomaji wa London anaweza kulipita. Shilingi bilioni 50 hawezi kuzipita.

Kisa kingine, na hiki kinauma. Nimekaa upande wa wanaosaili. Alikuja kijana mmoja, hesabu zake safi, anaongea vizuri, tulishaanza kutazamana kwamba huyu tunamchukua. Tukamwuliza anafanya nini sasa hivi. Akataja kampuni. Akataja kwamba inauzwa. Akataja bei ambayo mwenye kampuni anaitarajia. Jambo hilo halikuwa limetangazwa popote! Tulimshukuru, tukamsindikiza hadi kwenye lifti. Kwenye korido bosi wangu aliuliza, "Huyu wateja wetu atawataja wapi?" Basi, imekwisha.

Muamala uliotangazwa, utaje. Usiotangazwa, sema "kampuni ya vyakula, katikati ya Uingereza," eleza tatizo na namna ulivyolitatua, ishia hapo. Wakikubana uwataje, huenda wanakupima. Na mkihama, msichukue faili. Modeli, yaani jedwali la makadirio ya fedha za kampuni, uliyoijenga kwa usiku kumi ni ya benki. Ukijitumia kwenye barua pepe yako binafsi, mfumo umeshaandika saa na dakika. Ondoka na kichwa chako tu.

Haya. Umepata. Umeingia. Mnadhani kiwango chako kitabaki pale pale?

Boris Groysberg wa Harvard na wenzake waliwafuatilia watafiti wa hisa nyota wa Wall Street, zaidi ya elfu moja. Nyota hao walipohama kampuni, karibu nusu yao kiwango kilishuka mwaka uliofuata. Watu wale wale, akili zile zile. Walichoacha nyuma ni msaidizi aliyejua wanachotaka kabla hawajasema, mifumo, wenzao wa meza ya pili. Lakini kulikuwa na kundi ambalo halikutetereka hivyo: wanawake. Groysberg alieleza kwamba wanawake wengi, kwa kuwa ndani ya ofisi hawakukumbatiwa, walikuwa wamejenga uhusiano wao nje, na wateja na kampuni walizozichunguza. Uhusiano huo ulihama nao. Dada zangu, sisemi mshukuru kwa kubaguliwa. Nasema mna mtaji ambao wenzenu wanausahau.

Kwa hiyo tegemea miezi ya mwanzo kuwa migumu. Watakurudisha nyuma pia: ulikuwa mchambuzi wa mwaka wa pili, watakuita wa kwanza. Mimi nasema mwaka mmoja kubali. Miwili kataa, kwa sababu hapo hawanunui uzoefu wako, wananunua bei rahisi. Na hama mapema, ukiwa na mwaka mmoja hadi miwili. Ukishapanda ngazi za juu swali linageuka, wanauliza unaleta wateja gani, na huko ni mazungumzo mengine.

Nimeacha kwa makusudi swali ambalo wengine wangeanza nalo: je, uhame kweli?

Zamani ukubwa wa benki ulisomwa gazetini. Muamala ukikamilika walitangaza kwenye kisanduku chenye umbo la jiwe la kaburi, majina ya benki yakipangwa kwa heshima, wakubwa juu kwa herufi nene. Morgan Stanley ilikuwa maarufu kwa kukataa kuwekwa sambamba na wengine. Ilitaka kukaa juu peke yake. Watu wazima waligombania mstari wa gazeti.

Sasa mkipita Canary Wharf, simameni pale 25 Bank Street. Hapo palikuwa pa Lehman Brothers. Tarehe 15 Septemba 2008 Lehman ilianguka, na wafanyakazi wakatoka na maboksi. Leo jengo lile ni la JPMorgan. Vijana wa Lehman waliokuwa wakiwadharau wengine walijikuta, Marekani chini ya Barclays, na Ulaya wengi chini ya Nomura ya Japani. Walihama benki bila hata kuandika wasifu. Miezi sita kabla, Bear Stearns ilikuwa imeuzwa kwa JPMorgan, kwanza kwa dola 2 kwa hisa, baadaye wakaongeza hadi 10. Credit Suisse, benki ya Uswisi ya tangu 1856, mwaka 2023 ikamezwa na UBS. Upande wa pili, Evercore ilianzishwa 1995 na Moelis 2007, zikiwa ofisi za watu wachache, na leo wapo wanaoacha magorofa marefu kwenda huko.

Ndiyo maana nawaambia, msiulize jengo, ulizeni meza. Timu unayokwenda imefunga miamala mingapi mwaka huu? Nani anajenga modeli, wewe au ofisi ya nchi nyingine? Waliokaa kiti chako kabla yako wako wapi leo? Kama kazi yako ni kampuni zilizoelemewa na madeni, benki ya Houlihan Lokey ina heshima kuliko majina mengi ambayo shangazi anayajua. Ukiwa benki kama Jefferies, ambayo shangazi haijui, kwenye timu yenye kazi, na unaitwa jina kubwa kwenye timu iliyokauka, kwa nini uende? Kwa ajili ya kadi ya mlangoni?

La mwisho ni la karatasi, na tafadhali msilipuuze, maana halimhusu Mwingereza anayekaa jirani yako. Ukiwa hapa kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, viza hiyo imefungwa kwa mwajiri wako. Mwajiri mpya lazima awe na leseni ya kudhamini, akupe cheti cha udhamini, uombe upya, na huwezi kuanza kazi kabla ya jibu kutoka. Ukiacha kazi bila hayo kukamilika, serikali inaweza kukupunguzia muda wako ukabaki na siku 60. Notisi za benki hapa mara nyingi ni mwezi mmoja hadi mitatu, na wanaweza kukuambia ukae nyumbani ukilipwa hadi iishe, basi panga tarehe zako kwa kuhesabu kurudi nyuma. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu bosi mpya amekushika mkono na kutabasamu. Iandike ukiwa na mkataba uliosainiwa na mtu wa viza amethibitisha kwa maandishi.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kuna mkono pale nyuma karibu na jikoni umekuwa juu tangu nilipoitaja Jefferies. Tuanze na huyo.